Roboti Imegoma: Kutafuta Tatizo kwa Timu za Wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Roboti ikigoma, wanafunzi wengi hukimbilia kompyuta na kuanza kuchokonoa programu. Nawasihi mgeuze utaratibu huo. Anzeni na umeme, mfuate nyaya na viunganishi, kisha magurudumu na chasisi. Programu iwe ya mwisho. Programu iliyofanya kazi jana jioni haichakai usiku. Betri ndiyo inayochoka, waya ndio unaolegea, na huku kwetu pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini, hewa ya chumvi inakula shaba usiku na mchana.

Maelezo haya yanalenga roboti ambayo timu nyingi za sekondari huanza nayo: bodi ya Arduino Uno au Nano (ubongo wa roboti, unaobeba programu), bodi ya kuendeshea mota ya L298N, mota za njano zenye gia za plastiki, sensa ya mstari, sensa ya umbali ya HC-SR04, na pengine servo moja (mota inayogeuka hadi pembe mnayoiamuru) ya mkono. Mkiwa na multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo kabisa, mna nusu ya karakana. Bila hiyo mtakuwa mnabahatisha.

Kabla ya kupima chochote, inueni roboti juu ya kopo au tofali ili magurudumu yaelee. Roboti iliyoanguka mezani huleta tatizo la pili juu ya lile mlilokuwa nalo. Halafu badilisheni kitu kimoja tu, mjaribu, mwandike kwenye daftari la timu. Mkibadilisha betri, waya na programu kwa mpigo, ikipona hamtajua kilichoiponya, na wiki ijayo itawarudia.

“Haiwaki kabisa, hata taa moja”

Mara nyingi ni betri: imeisha, imewekwa kinyume, au springi ya kibebeo imelala na haiigusi. Itoeni mpime. Seli ya lithiamu ya 18650 ikijaa husoma volti 4.2, ikishuka hadi 3.0 msiendelee kuitumia mpaka ichajiwe. Mbili zilizounganishwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zikijaa hutoa 8.4.

Betri ikiwa nzima, ufuateni umeme njia yake yote. Pimeni kwenye waya unaotoka kibebeoni, kabla ya swichi, baada ya swichi, kwenye skrubu za L298N, na mwisho kwenye pini ya 5V ya Arduino. Mahali volti inapopotea ndipo penye ugonjwa. Kwa timu za pwani, mara nyingi mtaishia kwenye swichi au kiunganishi chenye kutu ya kijani. Kikwangueni kwa msasa laini, mkifute kwa spiriti ya duka la dawa huku betri ikiwa imetolewa, na msirudishe umeme mpaka spiriti ikauke kabisa, kwa sababu inashika moto. Roboti isipotumika ikae ndani ya ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kama kuna aliyegeuza chanya na hasi, nuseni bodi. Bodi yenye harufu ya kuungua msiiwashe tena “kuona kama itapona”. Iwekeni pembeni mtumie nyingine.

Acheni hapo hapo mkiona seli imevimba, ganda lake limechanika, inavuja, au ina joto wakati haitumiki. Msiichaji, msiitoboe, msiitupe kwenye taka za shule. Ipelekeni nje, mbali na majani makavu, juu ya mchanga, kisha mwiteni mwalimu mlezi na fundi umeme. Ikianza kutoa moshi, ondokeni, msiuvute, na mpige simu Zimamoto kwa namba 114.

“Imewaka vizuri, lakini ikianza kukimbia inajizima na kuanza upya”

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko mengine yote, na ndilo linalopoteza siku nyingi za timu, kwa sababu linafanana sana na kosa la programu. Roboti inasogea kidogo, inasita, taa inapepesa, inaanza upya. Wanafunzi wanasoma programu usiku kucha. Kinachotokea ni kwamba mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama, kwa muda mfupi hunywa mkondo mwingi mara kadhaa kuliko inapokuwa mwendoni. Betri isipoweza kuutoa, volti inaporomoka, Arduino inakosa umeme na kujiwasha upya. Mota zinasimama, volti inapanda, mzunguko unajirudia.

Kisababishi cha kwanza ni betri ya mstatili ya volti 9. Inapatikana kila duka, volti yake inavutia, na waya wake unaingia kwenye Arduino bila shida. Ila imetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyotumia umeme kidogo, kama multimita au king’ora cha moshi. Mota mbili au nne inazishindwa, hata ikiwa mpya. Itoeni, hakuna dawa nyingine.

Cha pili ni seli za lithiamu zilizochoka. Zikitulia husoma vizuri, kwa hiyo kipimo cha kutulia hakiwaambii lolote. Shikilieni ncha za multimita kwenye betri, mwenzenu awashe mota zote kwa kasi kamili na kuyabana magurudumu kidogo kwa vidole kwa sekunde moja tu. Kama volti 7.9 imeporomoka hadi 6 au chini yake, mmempata mhalifu. Pimeni pia kila seli peke yake. Moja mbovu huangusha na mwenzake.

Cha tatu kiko ndani ya L298N yenyewe. Bodi hii hula volti 2 hivi, wakati mwingine zaidi, kabla umeme haujafika kwenye mota. Betri nne za kawaida za 1.5 zinatoa 6, zikipita hapo mota inabaki na 4. Zile nne za kuchaji zina 1.2 kila moja, kwa hiyo mnaanza na 4.8 na mota inaambulia chini ya 3. Zaidi ya hayo, ile skrubu ya 5V kwenye L298N haitoi 5 kamili kama betri iko chini ya 7 hivi, na ndiyo ambayo timu nyingi huitumia kulisha Arduino. Seli mbili za 18650 mfululizo huondoa matatizo yote mawili, kwa kuwa mota za njano zimekusudiwa volti 3 hadi 6.

Cha nne ni servo inayolishwa na pini ya 5V ya Arduino. Mkono ukinyanyua mzigo, bodi nzima inazimia. Ipeni servo chanzo chake cha volti 5, lakini hasi zote, ya betri, ya Arduino, ya L298N na ya chanzo hicho kipya, ziungane pamoja. Hasi zisipoungana, roboti hufanya vitu visivyoeleweka: mota moja inazunguka yenyewe, servo inatikisika, sensa inasoma namba za ajabu. Ukiona tabia ya ajabu ambayo hata huwezi kuieleza, kagua hasi kabla ya yote.

Mkishapita hapo bila mafanikio, mshukiwa aliyebaki ni kelele za umeme za mota, yaani msukosuko wa umeme unaoivuruga bodi. Chomeleeni kapasita ndogo ya seramiki ya nanofaradi 100 kwenye ncha mbili za kila mota, na msokote nyaya zake mbili pamoja. Na zungusheni kila gurudumu kwa mkono: gia iliyojaa mchanga hufanya mota ivute mkondo kana kwamba imezuiliwa.

Simameni hapa: najua seli zinazochomolewa kwenye betri za laptopu mbovu ni rahisi kupata. Msizifungue wenyewe. Bisibisi ikigusa chanya na hasi kwa pamoja, seli hizo hutoa mkondo wa kuchoma ngozi na kuwasha moto. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa, na hata akishazitoa, msichanganye seli nzee na mpya. Kile kibodi kidogo cha kuchajia cha TP4056 ni cha seli moja. Msikiunganishe kwenye seli mbili zilizo mfululizo. Chajini mtu akiwepo, kamwe si usiku bwenini, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu.

“Haiendi moja kwa moja, inavuta upande”

Mota mbili za njano za bei nafuu hazifanani kamwe, hata zikitoka kwenye pakiti moja. Lakini msikimbilie kuipunguzia mota moja kasi. Chomoeni kwanza nyaya za mota ya kushoto na ya kulia kwenye L298N mzibadilishane nafasi. Roboti ikiendelea kuvuta upande ule ule, tatizo liko kwenye mota, gurudumu au chasisi ya upande huo. Ikigeuka na kuvuta upande wa pili, tatizo liko kwenye L298N au programu. Jaribio hili huchukua dakika mbili na hugawa kazi katikati.

Upande wa chuma, angalieni gurudumu lililopanda nje ya ekseli, skrubu iliyobana gia, kigurudumu cha mbele kilichokwama nywele au nyuzi, na mzigo wa betri uliokaa pembeni. Baada ya hayo ndipo mrekebishe kasi kwenye programu, kwa mfano namba ya kasi 200 upande mmoja na 188 mwingine. Marekebisho hayo yanaharibika betri inaposhuka, kwa hiyo yafanyeni betri ikiwa kwenye kiwango kile mtakachoanzia mashindano. Timu iliyokomaa iweke visahani vya kuhesabu mizunguko kwenye magurudumu, programu ijisahihishe yenyewe.

Mota zikilia bila kuzunguka, kasi mliyoandika ni ndogo mno. Pandisheni hadi gurudumu lianze, kisha ongezeni kidogo.

“Magurudumu yanazunguka, roboti haisogei”

Matairi yana vumbi: yafuteni kwa kitambaa kibichi. Sehemu kubwa ya malalamiko haya huishia hapo, hasa kwa timu za Masasi na Nachingwea zinazofanya mazoezi kwenye sakafu yenye vumbi jekundu. La pili ni uzito uliokaa mbali na magurudumu yanayosukuma. Sogezeni betri juu yake.

La tatu ni chasisi nzito kupita kiasi. Mpingo ni fahari ya Kusini, na mikono ya wachongaji wa Kimakonde ni ya kutamanika, lakini mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini. Msiutumie kwa chasisi. Plaiwudi nyembamba iliyokatwa na seremala mzuri inatosha, ni nyepesi, na inatobolewa upya bila huzuni. Mkitaka mpingo uonekane, chongesheni kibao kidogo cha jina la timu.

Chasisi ikaguliwe na kwa vipimo. Kwenye mashindano ya roboti ya FIRST Tech Challenge, kwa mfano, roboti lazima ianze ikiwa inaingia ndani ya mchemraba wa inchi 18, yaani sentimita 45.7. Tengenezeni boksi la kadibodi la kipimo cha mashindano yenu mapema, na roboti iingie humo kila mnapoongeza kitu. Nyaya zinazochomoza nazo hupimwa.

“Darasani inafuata mstari, nje haiuoni”

Jua. Sensa ya mstari hutuma mwanga usioonekana na kusoma unaorudi, na jua limejaa mwanga wa aina hiyo hiyo. Jaribuni kuikinga roboti kwa kivuli cha daftari: ikianza kuuona mstari, mmeshapata jibu. Zungushieni sensa kiketi cha karatasi nyeusi, muishushe ibaki milimita chache juu ya sakafu.

Kisha tafuteni upya kiwango cha katikati. Someni namba juu ya nyeupe, someni juu ya nyeusi, chukueni wastani, mkifanya hivyo mahali pale pale pa kuchezea. Kwenye sensa zenye kiskrubu cha buluu, kizungusheni taratibu mpaka taa ibadilike mnapovuka mstari. Tepu nyeusi inayong’aa nayo inadanganya: hurudisha mwanga kama karatasi nyeupe. Tafuteni iliyofifia.

“Inagonga ukuta ilhali sensa ya umbali ipo”

Sensa ya HC-SR04 husikiliza mwangwi. Ukuta ulioegemea upande huutupa mwangwi kwingine, na pazia au nguo huumeza. Pia, kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 2 haikioni. Jaribuni kwanza mbele ya ubao mgumu uliosimama wima, mlinganishe na rula. Ikisoma sawa hapo, sensa ni nzima. Tatizo ni pembe au kitu kinachopimwa.

Ikisoma sifuri muda wote, huenda waya wa mwangwi umelegea. Hapa kuna jambo la kuzingatia kwenye programu: amri ya `pulseIn` isipopata ishara husubiri hadi sekunde 1 nzima, na katika sekunde hiyo roboti inaenda bila kuangalia mbele. Iwekeeni kikomo, tuseme maikrosekunde 25000, na mkipata sifuri roboti ipunguze mwendo badala ya kudhani kuwa njia ni nyeupe. Kuweka `delay`, yaani amri ya kusubiri, ndefu katikati ya programu kunaleta upofu wa namna hiyo hiyo.

Wapo wanaolaumu joto letu. Ni kweli sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya moto: mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, karibu 350 kwenye nyuzi 32. Tofauti hiyo ni asilimia 2, sentimita 2 kwa kila mita. Haigongeshi roboti ukutani.

“Programu haiingii kwenye bodi”

Badilisheni kebo. Nyingi ni za kuchajia simu tu, hazipitishi data, na kwa macho hazitofautiki. Kisha hakikisheni mmechagua bodi sahihi na mlango sahihi kwenye kompyuta. Bodi za nakala mara nyingi huhitaji programu ya CH340, inayoiwezesha kompyuta kuongea na bodi, isakinishwe kwanza. Nano za aina hiyo mara nyingi hutaka mchague butiloda (programu ndogo ya ndani ya bodi inayopokea programu yenu) ya zamani. Na kama moduli ya Bluetooth iko kwenye pini 0 na 1, ichomoeni wakati wa kupakia, kwa sababu kompyuta inatumia pini hizo hizo kuongea na bodi.

“Tulipoongeza servo, mota moja ikafa”

Sio uchawi, wala mota haijafa. Maktaba ya Servo kwenye Uno hutumia saa ya ndani ile ile inayoendesha kasi ya pini 9 na 10, kwa hiyo pini hizo hupoteza uwezo wa kurekebisha kasi, hata kama servo imechomekwa kwingine. Hamishieni nyaya za kasi za L298N kwenye pini 5 na 6, mbadilishe namba kwenye programu. Imekwisha. Nimeliweka hapa kwa sababu hakuna multimita itakayolionyesha, na timu zimetupa mota nzima kwa ajili yake.

Servo inayotikisika bila kupumzika ni suala la umeme; rudini kule juu.

“Shuleni ilikuwa nzima, imefika Dar imegoma”

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 za mtikisiko wa basi. Nati hulegea, nyaya zilizochomekwa tu kwenye bodi ya vishimo (breadboard) hutoka, na betri iliyoachwa ndani yaweza kuwasha roboti ndani ya begi.

Tiba yake huanza siku nyingi kabla. Roboti ya mashindano isisafiri na bodi ya vishimo. Chomeleeni nyaya kwa risasi, mzifunge kwa tai za plastiki karibu na kila kiunganishi ili mvutano usifike kwenye pini, na mtie tone la gundi ya moto juu ya viunganishi. Pigeni picha za nyaya kutoka pande nne. Picha hizo zitawaokoa mkilazimika kuunganisha upya ukumbini. Betri zitolewe, kila moja ifunikwe ncha zake kwa tepu, zisafiri na mlezi kwenye begi la mkononi.

Bebeni vipuri: L298N ya pili, Arduino ya pili iliyokwisha kupakiwa programu, mota mbili, nyaya, kebo. Kariakoo kuna kila kitu, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na huko ni mbali kweli kweli mkiwa bado Lindi na basi linaondoka alfajiri. Agizeni mapema, hasa msimu wa mvua. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko, barabara ya Kusini ilikatika eneo la Somanga na mizigo ikakwama.

Vitu viwili msiviguse ukumbini: soketi ya ukutani inayocheza, kutoa cheche au kuwa na joto, na chaja iliyoanguka ikapasuka. Huo ni umeme wa volti 230, unaua. Mwiteni fundi wa ukumbi. Mkiwa nyumbani, chaja mbovu au waya wa karakana mpelekeeni fundi umeme aliyesomea, na vyuo vya VETA vya Mtwara na Lindi ni mahali pazuri pa kuuliza.

Mkifika, msianze na mazoezi ya mwendo. Kazeni kila skrubu. Pimeni betri. Inueni roboti, zungusheni kila mota peke yake kwa programu fupi ya majaribio mliyoiandaa nyumbani, kisha servo, kisha sensa ya umbali mbele ya ukuta. Sensa ya mstari iwe ya mwisho, mkiisawazisha juu ya uwanja wenyewe, taa zote za ukumbi zikiwa zimewashwa.